Barua Iliyotiwa Fremu

Wanafunzi walimwita Bi Marejeo, na hawakumsingizia. Kijana mmoja alipoomba ruhusa kwa kuwa bibi yake amefariki, aliulizwa habari hizo kazipata kwa nani na lini. Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa akifundisha Kiingereza cha kitaaluma chuoni, kile Kiingereza ambamo hakuna mtu anayekula: ulaji hufanyika.

Muhula huo wakubwa waliagiza kila somo liwe na faida kwa jamii. Bi Marejeo alikuna kichwa, akatoa zoezi: kila mwanafunzi atafute maandishi ya Kiingereza yanayomhusu mtu asiyejua Kiingereza, amlete mhusika mwenyewe darasani, amfafanulie. Akajiona amepatia kwelikweli.

Jumatano saa tatu asubuhi akaingia binti mmoja wa viti vya nyuma, kakumbatia barua yenye fremu na kioo. Nyuma yake alikuja Mama Stoo, mkuu wa wafagizi wa jengo lile, kajifunga kilemba kipya. Barua hiyo wafagizi wote kumi na mmoja walipewa wiki mbili nyuma, kila mtu na yake. Kwa jinsi ilivyokuwa ndefu na yenye kupendeza, walikubaliana kwamba ni pongezi. Mama Stoo akaitundika yake stoo, juu ya ndoo na mafagio, na wote wakapiga nayo picha.

Bi Marejeo aliitambua hata kabla haijafika mezani. Ee Mola wangu! Msajili wa chuo ndiye aliyemletea rasimu ya mistari minne, akamwomba ainyooshee lugha. Naye, mpenzi wa maneno makubwa, aliikuza ikajaza ukurasa mzima, akatembea siku mbili anajisikia. Wafagizi hawakumpitia akilini hata mara moja.

Binti alianza kufafanua. Aya ya kwanza, alisema, chuo kinatambua. Mama Stoo akatabasamu, akauliza kama hiyo si pongezi. Binti akajibu kwa aibu kwamba chuo kinatambua kuwa wafagizi wamezidi. Darasa likacheka. Aya ya mwisho ilisema asiyepinga kwa maandishi atahesabiwa amekubali kuacha kazi mwisho wa mwezi. Siku ya mwisho ya kupinga ilikuwa leo, saa sita mchana.

Mama Stoo alivuta kiti akakaa.

"Nimeitia fremu, mwanangu," akasema. "Hata mkwe wangu nimemwonyesha."

Kisha akauliza ni nani aliyeandika kitu kama hicho. Binti akasema hajui, ila ni mtu hodari sana, maana muundo wake ni uleule ambao mwalimu anausisitiza kila wiki. Bi Marejeo angeweza kunyamaza. Chini palikuwa na sahihi ya msajili, na mkataba wake mwenyewe ulikuwa mezani kwa msajili huyohuyo, unangoja kuongezwa. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

"Ni mimi," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mama Stoo alimpokonya mwalimu kalamu, akawapa wanafunzi waandike barua ya kupinga. Wengine wakatumwa mbio kwenye korido kuwakusanya wafagizi. Bi Marejeo hakuweza kujizuia, kila mara akachomekea sentensi, na kila mara Mama Stoo akauliza maana yake. Akishaelezwa, anawaambia vijana waandike hiyo maana. Mwisho zikabaki sentensi tatu: hatukuielewa barua yenu, sasa tumeielewa, hatukubali kuondoka. Chini, majina kumi na moja.

Bi Marejeo aliomba kuipeleka mwenyewe. Msajili aliisoma saa sita kasoro dakika kumi, akakunja uso, akamwambia aende nayo ainyooshe kidogo, airudishe kesho.

"Imenyooka," Bi Marejeo akajibu. "Naomba muhuri wa leo."

Msajili akamtazama, akalitazama faili la mikataba pembeni, akamtazama tena. Bi Marejeo hakuondoka. Muhuri ukapigwa, na saa ikaandikwa.

Mama Stoo alikuwa akingoja kwenye ngazi. Alipoambiwa kwamba barua imepokelewa, na kwamba sasa hakuna atakayeondolewa kabla ya kusikilizwa, alishusha pumzi ndefu. Bi Marejeo akakohoa kidogo.

"Kwa kuzingatia yaliyojitokeza," akaanza, "na pasipo kupuuza nafasi yangu katika mchakato mzima—"

"Sema kama mtu, mwalimu."

Bi Marejeo akaanza upya.

"Nimekukosea, mama. Nisamehe."



"Hiyo nimeielewa," Mama Stoo akasema, akashuka ngazi kwenda kuwaambia wenzake. Kama amesamehe, hakusema.