Hata Jaketi Moja Halikuelea

Boti ilipopotea na watu kumi na mmoja, kila mtu mtaa wa bandarini alikuwa na maelezo yake. Muuza mkaa alisema baharini kuna shimo linalofumba na kufumbua kama jicho. Kinyozi alisema ni mwanamke wa majini anayetafuta mume.

"Basi haoni vizuri," shemeji yake akamtania. "Mle botini hakuwamo hata mmoja wa kutamanika."

Watu wakacheka, lakini kicheko kikakatikia njiani. Boti ikizama, majaketi ya kuokolea hubaki juu, yawe na watu au yawe matupu. Safari hii waliotafuta siku tisa hawakuona hata moja.

Mke wa nahodha alilishika jambo hilo kwa mikono miwili. Mumewe hakufa, alisema. Amechukuliwa tu, na ipo siku watamchoka wamrudishe. Kila asubuhi alilipiga pasi shati lake la kazi akalitundika mlangoni.

Jirani yake waliyemwita Bi Uzi, kwa kuwa hakukosa kipande cha uzi begani, alikuwa fundi cherehani katika karakana iliyoshona majaketi hayohayo. Miezi minne nyuma tajiri wao alileta sponji mpya ya kujazia majaketi, nyeupe, laini. Bi Uzi aliipenda. Sindano hazikukatika tena, na vidole vyake vilivyokuwa vikimuuma vikapata nafuu. Hakuuliza zaidi.

Sasa bintiye, mkunga, alikuwa anavuka kwenda kisiwani kuzalisha. Bi Uzi alimsindikiza hadi gatini amekunja uso.

"Mama, usininunie. Huyo wa majini anataka wanaume. Mimi atanirudisha, na nauli juu."

"Nyamaza wewe. Geuka." Akamfunga jaketi jipya, fundo juu ya fundo, mara tatu. "Hili nimelishona mimi mwenyewe."

Aliporudi karakanani akakuta mafuta ya cherehani yamemwagikia jaketi moja. Akalipeleka uani, kwenye pipa la maji. Likaelea vizuri tu, jekundu, kama boga. Akaingia ndani kutafuta kipande cha sabuni. Kipande chenyewe kilikuwa kimejificha chini ya vitambaa, akakitafuta huku akinung'unika, akakipata.

Alipotoka, pipani hamkuwa na kitu.

Alidhani limeibwa. Kisha akainama. Jaketi lilikuwa chini kabisa, kifudifudi, mikanda imenyooka juu kama mikono ya mtu anayeomba avutwe.

Alilitoa, zito kama mtoto aliyelala. Akalichana kwa mkasi. Ndani mlikuwa na sponji ya godoro, imekunywa maji hadi ikashiba.

Watu walimwona akikimbilia bandarini bila viatu, jaketi likimchuruzikia kifuani. Akaingia chumba cha redio.

"Bi mkubwa, kulikoni? Hebu kaa kwanza," mzee wa redio akasema.

"Iite boti."

"Pumua kwanza, dada yangu..."

"Iite!"

Mzee akaita. Redio ikakwaruza. Akaita tena. Kimya. Mara ya tatu ikaja sauti ya nahodha wa boti hiyo, ya mbali: mawimbi yamechafuka, abiria wote wamevaa majaketi.

"Wavue!" Bi Uzi akapiga kelele. "Yanakunywa maji! Wape madumu matupu washikilie, na mgeuke, baba, mgeuke!"

Redio ikakwaruza, ikakwaruza, halafu akamsikia bintiye akihema. "Mama, mafundo yako hayafunguki. Nayakata kwa mkasi wa vitovu."

Boti ilirudi kabla ya adhuhuri, abiria wote wamekumbatia madumu. Gatini umati ulijaa, kinyozi na muuza mkaa wakiwamo, na safari hii hakuna aliyekuwa na maelezo. Bi Uzi alimshika bintiye mkono asitake kuuachia.

Mke wa nahodha akapenya katikati ya watu. Alilitazama lile jaketi lililochanwa, akaigusa sponji kwa kidole kimoja.

"Na yale ya boti ya mume wangu, nani aliyashona?"

"Ni mimi, dada."

Hakupiga kelele wala hakulia. Aliuliza tu, polepole, "Linaelea muda gani kabla halijazama?"

Bi Uzi alikuwa anaujua muda huo barabara. Ulikuwa muda wa kutafuta kipande cha sabuni.