Kibuyu cha Nyamizi

Watu wa televisheni hawana haya. Wanaweza kukuomba umuue marehemu mara ya pili, tena mchana kweupe. Kipindi chao kilikuwa cha mafuriko, ajali na mauaji, na safari hii walifika kijijini Nkoma kuigiza kifo cha Nyamizi, aliyekatwa mapanga nyumbani kwake miaka ishirini iliyopita kwa sababu macho yake mekundu yalidaiwa kuwa ya mchawi.

Bintiye, Ng'washi, ndiye aliyewakubalia. Alitaka jambo moja tu: kumjua muuaji. Huenda mtu angetazama kipindi, akakumbuka kitu, akasema.

Kijiji kizima kiligoma kushika panga la bandia. Mwishowe akajitolea baba yake mdogo, Machibya, aliyemlea Ng'washi tangu msiba ule.

"Nikikataa mimi, atakubali nani?" alisema, akajifunga kitambaa usoni.

Joakim, mwongozaji kutoka Dar, hakuwa na maneno mengi. "Mzee, ingia, inua panga, toka. Basi."

Madirisha ya nyumba ya Nyamizi yalizibwa kwa magunia ya pamba, ndani kukawa giza. Mwigizaji wa Nyamizi alikaa kwenye kigoda mbele ya kitanda, kibuyu cha maziwa miguuni. Ng'washi alisimama nyuma ya kamera.

Machibya aliingia, akashusha panga hewani. Mwigizaji akaanguka, na kibuyu kikaanguka naye. Badala ya kutoka, Machibya aliinama, akakiokota, akakifuta mdomo kwa kiganja, akakitundika ukutani taratibu, kama mtu aliye kwake. Ndipo akatoka.

Ng'washi alikikodolea macho kibuyu. Jambo lile halikuwa kwenye maandishi ya Joakim. Aliliona yeye peke yake, akiwa na miaka tisa, chini ya kitanda: miguu miwili, kisha mkono ukiokota kibuyu. Usiku ule alikimbilia kwa bibi yake, na bibi akamfundisha kusema alilala huko. Ndivyo walivyoambiwa polisi. Ndivyo alivyoambiwa Machibya pia.

"Safi sana," alisema Joakim. "Hilo la kibuyu umelitoa wapi, mzee?"

Machibya alivitazama viganja vyake. "Sijui. Mkono umeenda wenyewe."

"Basi turudie hivyo hivyo."

Ng'washi alimpenda mzee huyu, na upendo huo ndio uliomuuma kuliko woga. Alikitundua kibuyu, akakiweka chini pale pale.

"Turudie, baba," alisema. "Ila safari hii na mimi nikae mahali pangu."

Akapiga magoti, akaingia chini ya kitanda. Kutoka pale aliiona miguu ya Machibya mlangoni. Joakim alimwita mara tatu, lakini miguu haikuvuka kizingiti.