Sungura Wawili, Sufuria Mbili

Ukitaka kujua nani ameachwa, nani amejenga na nani amerudi kutoka machimboni na kikohozi, ulikuwa unakwenda kukaa jikoni kwa Dieudonnée. Kijiji chetu kizima cha Wamaza kilipita pale. Na siku ile jiko lilijaa kupita kiasi: wanawake wa kutwanga sombe ya majani ya muhogo, wa kuchekecha unga wa muhogo, na wengine, sitawataja, waliokuja na midomo yao tu. Mimi ndiye Mama Plamedi, jirani wa mlango kwa mlango. Nilikuwa na mchi mkononi, kwa hiyo msiniweke katika kundi la hao wa mwisho.

Tulijua wote kwa nini tumekusanyika. Mama Asani alikuwa anakuja kutoka Kasongo kwa pikipiki, pamoja na Safi, mjukuu wa Dieudonnée. Dieudonnée ana binti mmoja tu. Tulimbatiza Sarah-Grâce, lakini alipoolewa na Asani akasilimu, akaitwa Malaika. Sasa yeye na mumewe wamekwenda Salamabila kuwauzia wachimba dhahabu sabuni na vitenge, na mtoto wamemwacha kwa huyo mama wa mume. Dieudonnée akaomba: huyu mtoto aje akae kwangu mpaka wazazi wake warudi, hata hanijui sura. Mama Asani akamjibu kwa simu, kwa sauti nzuri kabisa: "Sikatai, mukwe. Lakini nitamuleta mimi mwenyewe, nione atakula nini."

Basi, ndiyo hiyo. Mtoto atabaki au atarudi, shauri ni atakula nini.

Dieudonnée hakuona ubaya. "Ni haki yake," alituambia. "Hata mimi ningeuliza." Lakini dada yake mkubwa, Julienne, aliyekuwa amekuja kutoka Kabambare kumsaidia kupokea wageni, aliyapokea maneno yale kama mtu aliyetemewa mate.

"Nione atakula nini!" akarudia, akiigiza sauti ya Mama Asani. "Sisi tunakula nini, majani ya ng'ombe?"

Kuku hawakuwapo. Tauni ya kuku ilikuwa imepita, hata jogoo wa kutuamsha ilibidi tumsikie wa kijiji cha ng'ambo. Ndipo Célestin, kaka yao, akachukua bunduki yake alfajiri akaenda kwenye mashamba ya karanga yaliyolala. Alirudi na sungura wawili. Wa kwanza alikufa palepale risasi ilipomkuta. Wa pili alipigwa mguu wa nyuma, akawa bado anarusha teke, na Célestin akakumbuka habari ya bamukwe, wakwe zetu Waislamu. Akamtia ndani ya mfuko, akakimbia naye mpaka kwa Musafiri.

Musafiri ndiye mchinjaji wetu. Hapa kwetu hata arusi ya Wakristo, ng'ombe anachinjwa na Mwislamu, ili siku ile asiwepo mtu wa kukaa pembeni na kumeza mate. Musafiri akataja jina la Mungu, akamkata sungura, akamrudisha kwa Célestin damu ikitiririka. Basi tukawa na sungura mwenye shingo iliyokatwa, na sungura mwenye shingo nzima aliyekwisha kuwa mgumu kama fimbo.

Dieudonnée akatoa amri, na siku ile hakuwa na mchezo.

"Huyu aliyechinjwa ni wa mukwe na mutoto. Yule mwingine ni wetu. Kisu chake, bakuli lake, moto wake. Musinichanganyie."

Kisha akaleta sufuria aliyoazima kwa mke wa Musafiri, sufuria ambayo nyama ya nguruwe haijawahi kuiona hata kwa mbali.

Julienne akaitazama, akaigonga kwa kidole. "Za kwako ziko na ukoma?"

"Yaya, ni sufuria tu," akasema Dieudonnée, maana kwetu dada mkubwa ndiye yaya.

"Si sufuria. Ndani ya nyumba moja, sufuria mbili za nyama moja, mimi nimeziona kwa wake wenza tu, tena wale waliogombana."

Wanawake wakacheka. Hata Dieudonnée alicheka kidogo. Julienne hakucheka.

Tukaanza kazi. Julienne alitaka wavuliwe ngozi. Alisema huko mjini Kabambare siku hizi sungura anavuliwa kama koti. Nikamwambia, "Mama Julienne, ukivua ngozi umetupa nusu ya utamu, na ngozi yenyewe nyepesi, itakupasukia mkononi." Tukawababua kwenye moto wa nyasi kavu, kila mmoja moto wake, tukiwageuza kwa masikio na miguu mpaka manyoya yote yakaungua na kupe wakaruka wakipasuka. Halafu tukawakwaruza kwa kisu, tukawaosha kwa maji ya moto, ngozi ikatoka ya njano, safi, imekaza.

Kazi ya mnyama wa risasi iko kwenye vidole. Chembe za risasi haziingii peke yao, zinaingia na manyoya, na ukitaka kuipata chembe unafuata lile fundo la manyoya lililozama ndani ya nyama, unalivuta polepole, na chembe inatoka nalo. Dieudonnée alimpitia yule wa kuchinjwa hivyo, paja kwa paja, macho ameyafumba, kama mtu anayemtafuta chawa mtoto aliyelala.

"Safi meno yake bado ni ya maziwa," alisema. "Akiuma chuma hapa kwangu, nitajificha wapi?"

Akampasua tumbo kwa ncha ya kisu, akatoa nyongo bila kuitoboa, akakata yale mapande ya damu nyeusi karibu na jeraha, akamlaza ndani ya maji ya chumvi na ndimu. Ukimwona hungesema mtu anaandaa mboga. Julienne akamtengeneza yule mwingine, haraka haraka, akitupa matumbo kwa mbwa na kutazama upande wa dada yake kila mara.

"Nyama yangu haistahili ndimu?" akauliza.

"Ndimu ni chache, yaya. Chukua hii nusu."

"Nusu." Akaichukua.

Sufuria mbili zikakaa motoni. Kitunguu, nyanya, chumvi, halafu mafuta ya mawese, na pilipili nzima moja moja juu, isipasuke. Harufu ikatoka mpaka barabarani. Watu waliopita walisalimia mara mbili, wakitegemea kuambiwa karibu.

Jua lilipoinama kidogo, mtu akaja kusema pikipiki yenye mama mwenye ushungi imeonekana kwenye kivuko. Dieudonnée akakimbia ndani kuoga na kuvaa kitenge chake kipya. Wanawake wote wakatoka kwenda kuangalia barabara. Jikoni tukabaki mimi na sombe yangu, na Julienne.

Akafunua sufuria ya kuazima. Akafunua ile ya kwetu. Akazinusa zote mbili. Akainua ya kwetu kwa vitambaa, akaimwaga yote, nyama na mchuzi, ndani ya ile nyingine. Kisha akakoroga.

Mchi wangu ukabaki juu. "Mama Julienne! Unafanya nini?"

"Ninapika," akasema. "Huyu mutoto ni damu ya mama yangu. Atakula chungu kimoja na sisi. Au wewe pia unaniona muchafu?"

Macho yake yalikuwa na machozi, lazima niseme. Haikuwa hila ya mchawi. Ilikuwa hasira ya mtu aliyezoea kuheshimiwa, aliyeambiwa mbele ya jiko zima kwamba mkono wake usiguse bakuli fulani.

Dieudonnée akatoka ameng'ara, anafunga kilemba. Akaona sufuria ya kwetu tupu, imelala kando. Akaona ile nyingine imejaa mpaka mdomoni. Akaketi chini, na kitenge kipya, kwenye majivu.

"Yaya. Umenifanya nini?"

"Simama, utachafuka. Nyama ni nyama. Nani atajua? Mimi, wewe na Mama Plamedi."

Dieudonnée akageuka, akanitazama mimi.

Najua ninavyojulikana Wamaza. Nikaapa palepale, "Mimi sina mdomo," na Julienne mwenyewe, pamoja na shida yote ile, akashindwa kuzuia kicheko. Dieudonnée hakucheka. Mpaka leo sijui kilichomsukuma kufanya alichofanya: kama alimwogopa Mungu, au alimheshimu mkwe wake, au aliogopa ulimi wangu tu. Sijamuuliza. Kuna mambo hata mimi siulizi.

Pikipiki ikaingia uani. Mama Asani akashuka taratibu, mama mnene mwenye uso wa kucheka, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Safi alikuwa amekaa katikati yake na dereva, na nyuma umefungwa mfuko wa nguo zake. Mfuko mzima. Sote tuliuona, na wanawake wakapiga vigelegele, kwa sababu mtu haleti mfuko wa namna ile kwa ziara ya mchana mmoja.

"Salaam aleikum, mukwe wangu."

"Aleikum salaam, mukwe. Karibuni, karibuni. Pole na njia."

"Njia iko mbaya, lakini harufu ya chakula chako ilituvuta toka mbali. Sungura, sivyo? Mimi nilizaliwa Nyangwe, nimelelewa kwa samaki, lakini sungura ndiye ananitoa nyumbani!"

Safi hakuogopa hata kidogo. Alimtazama Dieudonnée, akamwendea, akapanda mapajani pake, akaanza kuchezea vifungo vya blauzi yake. Dieudonnée akashika mguu mdogo ule, wenye vumbi, akaufutafuta kwa kiganja. Nikasema moyoni: hasemi. Mtu gani atasema, akiwa ameshika mguu kama huo?

Wanawake wengine wakaondoka, maana mgeni hatazamwi akila, tukabaki sisi wa jikoni, na maji ya kunawa yakapita. Dieudonnée akaleta bugali, akaleta sombe. Akakaa.

Mama Asani akangoja. Mikono yake ilikuwa imelowa, ameiinua juu ya sahani. "Na mugeni wetu mwenyewe iko wapi?" akatania. "Au anakimbia bado?"

Dieudonnée akamshusha mtoto chini.

"Mukwe, unisamehe. Célestin alileta wawili. Mmoja Musafiri alimuchinja. Mwingine alikufa na risasi. Nilitenga sufuria. Lakini nyama zimeingia pamoja. Siwezi kukupa."

Uso wa Mama Asani haukubadilika sana. Alifuta mikono kwenye khanga.

"Zimeingia pamoja namna gani? Nyama haina miguu ikiwa motoni. Nani alizitia?"

Hapo kila mtu alimtazama mtu mwingine. Julienne alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, amekunja mikono kifuani. Kesho yake alikuwa anarudi zake Kabambare. Angesema neno moja, "Ni mimi," jambo lingekwisha: dada mkali, anakwenda zake, mtoto anabaki na bibi yake. Nikamkazia macho. Akatazama paa.

Na Dieudonnée, mnafikiri angemtaja? Dada mkubwa, aliyemlea alipofiwa na mama yao, amvue nguo mbele ya bamukwe? Kwetu mtu hafanyi hivyo. Bora aungue yeye.

"Ni mimi," akasema. "Nilikosea."

"Kwa makusudi?"

"Nilikosea, mukwe."

Mama Asani alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliouma.

"Aksanti kwa kuniambia. Mwingine angenipa nikala nikamusifu. Lakini unisikilize, mukwe wangu. Leo mimi niko hapa, umejitayarisha, umeazima mpaka sufuria, na bado umekosea. Siku mimi siko, itakuwa namna gani? Baba yake ataniuliza, nami nitajibu nini?"

"Haitarudia."

"Labda haitarudia. Lakini sitalala usingizi."

Akala bugali na sombe, akala vizuri, akasifu mkono wa mtwangaji, na mtwangaji ni mimi, nikashukuru nikitazama miguu yangu. Safi alikula pia, akadondosha sombe kwenye kitenge kipya cha Dieudonnée. Hakuna aliyeifuta. Walizungumza habari za bei ya mawese na za Malaika huko machimboni, kama wamama wawili wanaopendana, na nadhani walipendana kweli. Halafu Mama Asani akamwita dereva. Mfuko ulikuwa bado umefungwa nyuma ya pikipiki. Ilibidi tu kukaza kamba.

Safi alilia kidogo, si sana. Alikuwa hajapata muda wa kumzoea mtu.

Vumbi halijatulia, wanawake wakarudi uani wakiuliza: mtoto mbona amekwenda? Dieudonnée alifungua mdomo, lakini Julienne alikuwa amekwisha kukaa juu ya kigoda, na alikuwa na sauti ya kutosha watu wote.

"Ametudharau," akasema. "Alifika, akanusa, akakataa nyama yetu. Alituona wachafu. Mimi nilisema tangu mwanzo. Mwanamke ule hakuja na nia ya kumuacha mutoto hapa."

Wakaguna, wakatikisa vichwa, wakamsikitikia Dieudonnée. Mmoja akauliza kama nyama bado iko. Ikaletwa. Nilikula nami, sitawadanganya, na ilikuwa laini, imekolea ndimu, hakuna hata chembe moja ya chuma iliyogonga jino. Kila nilipotafuna nilimngoja Dieudonnée amkatize dada yake. Nilikuwa tayari kumsaidia. Angeanza neno, mimi ningelimaliza.

Hakuanza. Alichukua sahani kubwa, ile ya wageni, akapakua paja, akapakua kiuno, akapakua na paja la pili, akamwaga mchuzi juu mpaka ukafurika, akaenda akapiga goti mbele ya dada yake kama anavyopaswa mdogo, akamwekea.

"Kula, yaya," akasema. "Sasa iko chungu kimoja."

Na akabaki pale, amepiga goti, akimtazama anavyokula.