Kikohozi cha Meneja

"Bibi, mwanangu si mchuzi! Toa hivyo vitunguu!"

"Mama yako nilimfunga vitunguu miguuni, akapona mafua, akaolewa, akakuzaa wewe unayenipigia kelele. Nitoe?"

Mimi nilikuwa nyuma ya kochi natafuta soksi. Dada na bibi wanarushiana maneno juu ya kichwa cha mtoto, na mtoto mwenyewe, miaka miwili na nusu, kakaa katikati kama mwenyekiti wa kikao, makamasi yanateremka mpaka mdomoni. Tunamwita Meneja. Kazi hafanyi, lakini wote tunafanya kazi kwake.

"Bibi, umeona soksi zangu nyeusi?"

Dada akatazama miguu ya Meneja, nami nikatazama. Soksi zangu, jozi pekee isiyo na tundu, zimempanda mpaka mapajani, na vipande vya vitunguu vinachungulia kwa juu.

"Zake ndogo, vitunguu haviingii," bibi akasema. "Na wewe soksi za nini? Kochi halitaki soksi."

Hapo akanigusa penyewe. Miezi minane tangu nimalize shule niko kwenye kochi hilo. Leo ndiyo fundi vioo kaniita anijaribu kazi, na alisema hivi: "Saa tatu kamili. Ukichelewa, pitiliza." Saa mbili ilishapita.

"Kho! Kho!" Meneja akakohoa.

"Umesikia?" Dada akanigeukia. "Hutoki mpaka kikohozi kitulie. Bibi mgongo haumruhusu kumbeba, na mimi nguo ya bi harusi iko kwenye cherehani ina mkono mmoja."

"Na fundi je?"

"Fundi ana mafua?"

Dada akafungua kabati, akatoa chupa ya asali. "Kho! Kho! Kho!" Meneja anakohoa huku kafungua mdomo kama kifaranga. Simu ya dada ikaita. Akaisukuma chupa nyuma ya pazia, akapokea.

Kikohozi kikakatika. Hakikupungua, kilikatika kama umeme.

Nikaitoa chupa. "Kho!" Nikaificha. Kimya. Nikaitoa. "Kho!"

"Jamani, njooni muone mambo!"

Nikawaonyesha mara tatu. Bibi akakaa chini taratibu.

"Nani kampa asali leo?"

"Kijiko kimoja tu, alfajiri," dada akasema. "Inalainisha koo."

"Na mimi kimoja tu," bibi akasema. "Cha pili hakikujaa."

Wakaniangalia.

"Nilikuwa napiga pasi, ananivuta suruali," nikasema. "Viwili."

Vijiko vitano kabla ya chai, na kila mmoja kampa kwa siri akidhani ni wa kwanza! Watu wazima watatu tumepelekeshwa na mtu anayevaa nepi.

"Lakini mafua anayo kweli," dada akasema, sauti imeshuka. "Pua imeziba."

"Basi tutibu pua."

Akaleta maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, na kile kidude cha kudondoshea dawa. Nikamshika kichwa. Matone mawili huku, mawili huku. Meneja akapiga kelele utadhani tunamnyang'anya shamba, halafu akapiga chafya moja kubwa, yote kwenye shati langu la pasi. Pua ikafunguka. Dada akamfuta, bibi akampakata, kichwa juu, akamnywesha maji ya uvuguvugu. Akaanza kusinzia.

Saa mbili na nusu. Nikafuta shati kwa kitambaa, nikamvua Meneja soksi, nikakung'uta vitunguu, nikazivaa.

"Utanuka," dada akasema.

"Lakini mafua hayampati," bibi akasema.

"Dada, kikohozi kimetulia au hakijatulia?"

Akabana midomo. "Nenda. Na ukirudi hapa bila kazi, hicho kidude kinaingia pua yako."

Nikachukua mkoba, nikatumbukiza chupa ya asali ndani.

"We! Asali yangu inakwenda wapi?"

"Kazini, bibi. Ikibaki hapa mtakohoa wote."

Nimeshika kitasa, Meneja akafungua jicho moja. Akautazama mkoba. Akanitazama mimi.

"Kho," akasema, kwa adabu kabisa.

"Tutaonana jioni, Meneja."

Nikatoka, nikafunga mlango.