Siku Maji Yaliposhuka Kalundu

Jua lilitokea ng'ambo, nyuma ya milima ya Burundi, likaja likitembea juu ya ziwa hadi Kalundu. Na wewe, Sévère, mume wangu, ulikuwa umekwisha kuchuchumaa mbele ya ubao wa kupimia maji ya ziwa, umebana pumzi, ukingoja wimbi litulie. Kila asubuhi ulisoma. Kila asubuhi uliandika.

Mwaka wa uhuru, Mzungu aliyekuachia kazi hiyo alipanda meli, asirudi. Hakuna aliyekuja tena kuchukua karatasi.

"Unamwandikia nani?" nikakuuliza.

"Sijui. Lakini maji yanapanda, Florentine. Nataka kujua yatafika wapi."

Yakapanda. Yakameza mchanga, yakameza njia ya wapagazi, yakaingia mihogoni bondeni. Maji haya, yametoka wapi? Udadisi wako ukaniambukiza. Wachungaji walioshuka kutoka Rurambo niliwauliza: huko juu iko mvua? Wavuvi niliwauliza: leo mto Ruzizi una rangi gani? Walinicheka. Kisha wakawa wananiambia kabla sijauliza.

Mwezi wa tano, mwaka wa sitini na nne, waasi wakaingia mjini. Walikuwa wamenyunyiziwa dawa, wakiamini risasi zitageuka maji. Nyumbani kwetu wakakuta kaye lako, daftari la vipimo: kurasa na kurasa za namba, bila neno hata moja.

"Hizi namba unatumaka kwa nani?" akauliza mkuu wao, Gratien, mtu wa uwanda wa Ruzizi.

"Kwa hakuna mutu. Minye napimaka ziwa tu."

"Weye ni mupelelezi."

Wakakufunga mikono kwa kamba ya nyavu. 

"Shefu," nikasema, "namba ya kesho haiko ndani. Siku mbili hizi maji yamesimama, na kesho yatakuwa palepale. Kuja asubuhi, usome weye mwenyewe."

Akafungua kaye, akatazama ukurasa wa mwisho. "Na yasiposimama pale kaye inasema?"



Asubuhi tukateremka sote: bunduki, kamba, wewe, mimi. Gratien akapiga magoti majini. Akasoma. Akafungua kaye, akasoma tena. Hazikulingana.



Gratien akagusa ubao kwa kidole. Juu ya maji palikuwa na mstari mweusi wa unyevu, haujakauka bado, upana wa kidole kimoja.

"Yameshuka?" akauliza, taratibu, kama anayemuuliza mgonjwa. "Shamba la mama yangu liko chini ya maji haya tangu mwaka jana."

"Yameshuka," ukasema.

Akaomba kalamu. Akaandika mwenyewe, polepole, namba zake zikiwa kubwa na zimelala upande kama mitumbwi ufukweni. Kisha akakata kamba.

Nami nilidhani utakimbia, Sévère. Wewe, mikono ikiwa bado imekufa ganzi, uliinama kwenye ubao, ukabana pumzi, kuhakikisha kwamba amesoma sawasawa.