Nyasi za Serikali

Habari ya uwanja ilifika Ibra kabla ya pesa zenyewe. Wakubwa wa michezo huko Maskati walikuwa wamekubali kutengeneza viwanja vya mikoani: nyasi, jukwaa la kukalia watu, taa, na ukuta wa kuzunguka. Nizwa watapata, Sur watapata, na Ibra imo. Sharti lilikuwa moja, kwamba kila wilaya iwe na klabu moja tu. Ibra ilikuwa nazo mbili.

Klabu ya kwanza ilikuwa ya wenyeji, watu ambao hawakuwahi kutoka Oman. Ya pili ilikuwa ya waliorudi kutoka Afrika, wengi wao watu wa Unguja na Pemba, na familia chache za bara. Hii ya pili iliitwa Nyota, na aliyeianzisha alikuwa Khelef bin Sleyum. Ujana wake Khelef alikuwa winga wa kushoto huko Unguja, na alipofika Ibra mwanzoni mwa miaka ya sabini hakukuta hata mahali pa kupigia mpira. Aliwachukua vijana wakaenda kwenye uwanda wa mawe nyuma ya nyumba zao, wakayaokota mawe na kuyabeba kwa madebe mpaka pakawa na kiwanja. Magoli waliyafanya kwa mabomba ya maji. Changarawe haikuondoka, na kila aliyeanguka aliinuka paja limechunika. Dada yake, Radhia, ndiye aliyewaosha vidonda kwa spiriti kwenye baraza ya nyumba yake, akiwafokea kwa Kiswahili kama watoto wake wa kuwazaa.

Mume wa Radhia, Harub, naye mmoja wa hao waliorudi, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kwenye barabara ya Sur, na ndiye aliyekuwa rais wa Nyota. Urais huo ulimgharimu viatu, mipira na petroli ya gari la kuwapeleka vijana kucheza mpaka Bidbid na Nizwa, na hakuna siku aliyolalamika. Alimpenda Khelef kuliko ndugu zake mwenyewe. Mama mkwe wake, Bi Khole, alikaa naye nyumbani, na kila Ijumaa wote walikula sinia moja.

Ilikuwa kwenye sinia hiyo Khelef alipoliuliza jambo lililokuwa likimkera. Klabu zikiunganishwa, alisema, mwalimu atakuwa nani? Wenyeji nao walikuwa na mtu wao.

Harub aliweka tonge chini. "Wewe ndiye mwalimu, leo na kesho. Ukitolewa wewe, mimi sitii sahihi, na huo uwanja wao wabaki nao."

Aliyasema hayo mbele ya Bi Khole, na Bi Khole akamwombea dua. Khelef akaendelea kula, na toka siku hiyo hakuuliza tena.

Kamati ya kuunganisha, ambayo watu wote waliiita lajna, ilikutana nyumbani kwa mzee mmoja tajiri wa upande wa wenyeji. Harub alikwenda amevaa kilemba kizuri na joho jeusi lililokuwa la marehemu baba yake. Alirudi na kasiki la halwa, akasema mambo yamekwisha vizuri. Klabu imepata jina jipya, la Kiarabu. Rangi zitakuwa mpya. Yeye amefanywa makamu wa rais. Radhia alimwuliza habari za Khelef, naye akajibu kwamba hayo ya ufundi yatazungumzwa baadaye, akaomba kahawa.

Kazi ilianza upesi, pale pale kwenye kiwanja cha mawe cha Nyota. Matingatinga yalikuja, ukuta ukapanda, malori yakaleta udongo mwekundu kutoka sijui wapi. Khelef aliwahamishia vijana wake kwenye wadi, bonde la mto mkavu, akawa anawafundisha huko kila baada ya sala ya alasiri, wale wa Nyota na wale wa klabu ya pili pamoja. Wenyeji walimpenda haraka. Alinunua filimbi mpya. Jioni akipita kwa dada yake alikuwa akieleza jinsi mpira unavyotembea juu ya nyasi, kwamba vijana watapaswa kujifunza upya kupiga pasi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa kitu. Harub alikuwa akimsikiliza akitazama mkeka.

Nyasi zilipopandwa, gari la maji lilianza kuja kila alfajiri kuzinywesha. Mtaa wa kina Radhia ulikuwa bado haujaunganishwa mabomba, na gari la kuwajazia matangi lilikuja likijisikia kuja. Wanawake walisimama milangoni na ndoo zao wakilitazama lile la uwanjani likipita limejaa, likidondosha maji njia nzima. Bi Khole alisema huko walikotoka hajapata kuona majani yakitangulizwa mbele ya watu. Harub alimjibu kwa upole kwamba maji ya mtaani nayo yatakuja, kila jambo na fungu lake.

Siri ilitoka harusini. Shukriya, mke wa katibu wa ile lajna, alikuwa amekaa karibu na Radhia wakila bokoboko, akaanza kulalamika kwamba mumewe amemfanya mtumwa: anamtafutia mapazia na vyombo vya nyumba ya mudarrib, yaani mwalimu mpya wa timu, anayekuja na mkewe kutoka nje. Radhia akadhani amesikia vibaya. Shukriya alimtazama, kisha akashusha sauti.

"Kwani nyumbani kwenu hamjui? Shauri limekatwa siku ile ile ya kikao. Mwalimu lazima awe na cheti, la sivyo pesa hazitoki. Mumeo alikuwapo."

Radhia hakumaliza chakula. Alikwenda nyumbani, akamsubiri Harub arudi kutoka dukani kwa chakula cha mchana, akampakulia, akamwacha aanze. Kisha akamwuliza kama ni kweli. Harub hakukana. Alisema walilileta jambo la cheti mwishoni, watu wakiwa wameshainuka nusu, na kila mtu akatikisa kichwa.

"Na wewe ulisema nini?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema hapana."

"Kwa Kiarabu gani, Radhia?"

Hapo alisukuma sahani. Akamweleza, kwa sauti ndogo, kwamba mwanzoni mwa kikao alikuwa amesema maneno mawili matatu, akamtaja mwanamume kwa tamko la mwanamke, na mmoja wao akacheka, kisha wote wakacheka, hata mzee mwenye nyumba. Hawakucheka kwa ubaya, alisema. Lakini baada ya hapo ulimi ulikuwa mzito. Alijua akisimama kubishana na wakubwa kutoka Maskati kwa lugha ile, atachekwa tena, na pengine pesa zote zitakwenda kwingine, na Ibra itabaki na mawe yake. Uwanja ni wa watu wote, alisema. Khelef mmoja hawezi kuwa sababu ya mji mzima kukosa.

Radhia alimwambia kwamba angalau angerudi akamwambia mwenyewe. Harub akasema alikuwa akitafuta siku nzuri. Akamwomba anyamaze mpaka uwanja ufunguliwe. Baada ya hapo ataonana na Khelef wazungumze kiume, atamtafutia nafasi hapo hapo klabuni, labda ya kutunza vifaa.

Neno hilo la vifaa ndilo lililomfanya Radhia asimame. Kama Harub angesema hana la kumpa, pengine angenyamaza kama alivyoombwa. Alivaa shela yake akaenda kwa miguu mpaka kwa kaka yake.

Khelef alikuwa uani akijaza mpira upepo kwa pampu ya baiskeli. Mkewe, Ghalia, alikuwa akipepeta mchele. Radhia alimwambia yote, hakuficha hata lile la kuchekwa, kwa kuwa hakutaka kaka yake adhani Harub alimuuza kwa ajili ya cheo. Khelef alisikiliza mpaka mwisho, na mkono wake ukaendelea na pampu, taratibu, mpaka mpira ukawa mgumu. Swali lake lilikuwa moja.

"Vijana wanajua?"

Radhia alisema hajui. Lakini Khelef alikuwa ameshajijibu. Jioni ile alikwenda wadini kama kawaida. Mwanawe Radhia, Marzouq, ambaye ndiye aliyekuwa golikipa, alimhadithia mama yake baadaye yaliyotokea. Mjomba aliwafundisha mpaka jua likazama, hakupunguza chochote, akawakimbiza kuliko siku zote. Walipomaliza aliwakalisha chini, akawauliza kama wamesikia habari za mwalimu mpya. Wakaanza kufungua kamba za viatu. Akawatazama mmoja mmoja. Kisha akavua filimbi shingoni, akaitia ndani ya mfuko wa mipira, akampa mfuko nahodha, akaondoka.

Radhia alimwuliza mwanawe kama walikuwa wanajua. Marzouq alisema ndiyo, tangu Ijumaa ya nyuma. Watu wa klabu walikuwa wamewakusanya na kuwaahidi kazi za serikali, kila mchezaji na kiti chake ofisini, mshahara uingie acheze asicheze.

"Na mkaendelea kumwita mwalimu."

"Sasa tungemwitaje, mama?"

Watu wa Nyota walikasirika, lakini hasira ya barazani. Walisema hawatakanyaga uwanja ule. Walisema watarudi kwenye mawe, waanze tena. Lakini kwenye mawe palikuwa pameshapandwa nyasi, na vijana hawakumfuata Khelef hata mmoja. Yeye mwenyewe hakuwaita. Radhia alipotaka kumtoa Marzouq kwenye timu, Khelef ndiye aliyekataa. Alisema kijana ana umri wa kuoa, aachwe apate kazi.

Kabla ya mwezi kwisha Khelef alipata kazi ya kutunza stoo katika kampuni ya barabara huko mji wa Adam, akahama na Ghalia. Siku ya kuondoka gari lilisimama mlangoni kwa Radhia, na Bi Khole akatoka na kasha lake. Hakuwa amemwambia mtu. Radhia alilia, akamshika mkono, akamkumbusha kwamba huko Adam hana anayemjua, hakuna hata wa kuzungumza naye lugha yake. Bi Khole alimwambia atazungumza na mwanawe. Harub alitoka dukani mbio, akasimama mbele yake kichwa wazi, akamwomba asimwaibishe mbele ya mtaa.

"Nimekula chakula chako miaka mingi, Harub, na hukuninyima kitu," Bi Khole alisema. "Mungu akulipe. Lakini niliamini maneno yako, na mimi ni mtu mzima."

Harub akafungua mlango wa gari akampandisha kwa mikono yake mwenyewe. Khelef, aliyekuwa kwenye usukani, alimshukuru kwa adabu.

Uwanja ulifunguliwa majira ya baridi. Wanawake hawakuingia; Radhia aliuona kutoka kwenye dari ya jirani pamoja na wengine, na hakukana kwamba ulikuwa mzuri. Zile nyasi katikati ya milima ile mikavu zilionekana kama zulia lililoanguka. Timu ya Sur ilikuja kucheza, ngoma zikapigwa, wakubwa wakakaa kwenye viti vya kitambaa. Jina la Harub lilisomwa pamoja na mengine kwenye kipaza sauti, likatamkwa visivyo. Marzouq alidaka mchezo mzima. Mashabiki wa zamani wa Nyota, waliokuwa wamesema hawatakanyaga, walikuwa wamejaa upande wa jua, na walishangilia, ila kwa Kiarabu. Mmoja alianza wimbo wa zamani wa Kiswahili na wenzake wakamvuta kanzu.

Msimu wa pili klabu ilileta golikipa kutoka Maskati, na Marzouq akakaa benchi, kisha hata benchi akaliacha. Kazi hakuipoteza. Mwalimu mwenye cheti aliondoka kabla mkataba haujaisha, akaja mwingine mwenye cheti. Lajna ikachaguliwa upya, na nafasi ya Harub ikachukuliwa na kijana aliyesoma Kairo, mwenye Kiarabu cha redioni. Walimpa Harub cheti cha shukrani na kadi ya kuingilia mlango wa mbele. Alirudi nyumbani siku hiyo akataka Radhia amwonee uchungu. Alisema watu hawana fadhila, amewajengea uwanja. Radhia alimwuliza kama anataka chai.

Bi Khole alifariki huko Adam, akazikwa huko. Khelef alipeleka habari kwa simu ya ofisini kwake, na Harub akaendesha gari usiku kucha, yeye na Radhia, wasiwahi maziko. Kwenye matanga shemeji wawili walipeana mikono na kukaa upande mmoja, wakizungumza habari za barabara na joto.

Mara ya mwisho Khelef alipokuja Ibra ilikuwa harusi ya Marzouq, mwaka themanini na sita. Alikuwa amenenepa, mvi zimejaa ndevuni. Vijana wake wa zamani, sasa wanaume wenye vitambi na magari, walipanga foleni kumwamkia, "Shikamoo mwalimu," naye akawaitikia kila mmoja kwa jina, akawauliza watoto. Baada ya chakula Harub alimsogelea, akakaa karibu naye, akazungusha kikombe cha kahawa.

"Shemeji," alisema, "uwanja wameuongezea jukwaa la pili. Kesho kuna mchezo. Lala, nikupeleke uuone."

"Nimeuona," Khelef alisema. "Nimepita nao njiani."

"Nje tu. Ndani hujaingia hata siku moja."

"Kesho niko kazini, Harub."

Alimwita jina lake, kama zamani, bila chuki yoyote, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Harub kuliko matusi. Khelef aliomba maji ya kunawa, akaingia ndani kuagana na dada yake. Radhia alitaka kumwomba radhi kwa yote, lakini Khelef alikwisha kuanza kumsifu bi harusi, na hakumpa nafasi. Akaondoka alasiri.

Kesho yake Harub alivaa kanzu safi, akatafuta kadi yake. Radhia alimwona kutoka dirishani akitoka, akamwita asubiri chai iwe tayari. Harub alisema atachelewa kupata kivuli, akaenda zake mpirani peke yake.