Fomu ya Kutochukia

"Hivi wewe mama, na sala zako zote hizo, kuna mtu unayemchukia?" Jirani alimuuliza hivyo siku moja wakianika nguo, na mfagiaji, mjane wa watu, akajibu bila kupepesa macho: "Yupo. Mtunza stoo wa pale chuoni." Jirani alicheka mpaka kibanio cha nguo kikamdondoka mdomoni.

Ilipokuja fomu, hapakuwa na la kucheka. Chuo kikuu alichokifagia kwa miaka kumi na moja kilitangaza kwamba kinamkaribisha kila mtu na kinapinga chuki. Kwa hiyo kila mfanyakazi, kuanzia maprofesa hadi mlinzi wa geti, atie saini kwamba hamchukii yeyote. Asiyesaini kufikia Ijumaa, mkataba wake hautaongezwa. Watu walisaini chapuchapu wakiwahi chai. Mfagiaji aliirudisha yake tupu.

Alhamisi akaitwa mbele ya kamati. Mwenyekiti, profesa mmoja mama mpole mwenye miwani jozi mbili, moja machoni na nyingine kichwani, akamwambia, "Mama, ni saini tu."

"Najua, mwanangu. Lakini alfajiri nilipiga magoti nikasali. Sasa saa nne hii niseme uongo kwamba simchukii mtunza stoo?"

"Basi tuandike kwamba humpendi sana."

"Hapana, namchukia. Nimejaribu kuacha, imenishinda. Hata kufunga nimefunga."

Katibu akapekua kanuni ukurasa kwa ukurasa. Ilikuwamo adhabu ya anayechukia kwa siri, na ya anayechukia kwa kelele. Ya anayekiri kwa adabu haikuwamo.

"Amekufanyia nini huyo mtunza stoo?" mwenyekiti akauliza.

"Nikienda kuchukua sabuni, ananifuata nyuma akichechemea kama mimi. Kila asubuhi. Watu wanashika mbavu. Mguu huu nilizaliwa nao, sikuuchagua dukani."

Mtunza stoo akaitwa. Aliingia kifua mbele, maana ndiye aliyesaini wa kwanza chuo kizima.

"Mama naye," akasema. "Ule ni utani tu, waheshimiwa. Sisi ni kama ndugu."

"Utani wenyewe ukoje?" profesa akauliza.

Hapo mtu mzima akajisahau. Akanyakua kapu la taka akalifanya ndoo, akapinda mguu, akaizunguka meza ya kamati akiburuta unyayo na kulalama kwa sauti ya kikongwe, "Sabuni jamani, sabuni." Katibu alitaka kucheka, akamtazama mwenyekiti, akakimeza kicheko pamoja na mate. Mzunguko wa pili ulipita kimya. Wa tatu aliukatisha dirishani, alipoona hakuna anayecheka.

Profesa akamgeukia katibu. "Huyu mama arudi kazini, na mkataba wake uongezwe. Kwenye fomu andika: bado anajitahidi."

"Hiyo nitaisaini," mfagiaji akasema, akaisaini kwa herufi kubwa za darasa la pili, ulimi nje.

"Na wewe, bwana, hii hapa fomu yako. Isome kwa sauti."

Mtunza stoo akaipokea, kapu likiwa bado mkononi, mguu bado umepinda. "Mimi niliyetia saini hapa chini simchukii yeyote, wala sitamdhihaki mtu kwa dini yake, kabila lake, umbo lake, wala..." Akautazama mguu wake.

Mfagiaji akanyoosha shingo, akamsomea. "Mwendo wake, baba. Endelea."

Akaliweka kapu chini, akaunyoosha mguu, akatoka.